Mapafu huanza kuchoka ujanani, lakini nani atayapima ya kijana wa Hadado?

Kama umewahi kunywa maziwa ya ngamia pale Eastleigh, unaijua ile ladha ya moshi. Si kwamba yaliungua. Huko kaskazini, kabla ya kukamua, mama huchukua kijinga cha moto, anakizungusha ndani ya chombo cha maziwa, anafunika moshi ujae, kisha anapangusa. Moshi unaua vijidudu, maziwa yanakaa zaidi bila kuharibika, na wewe mteja wa mjini unapata ladha yako. Mimi naipenda sana, sitadanganya.

Sasa mfikirie aliyeshika kile kijinga. Tuseme ni msichana wa Hadado, katika eneobunge la Wajir Magharibi. Moshi wa kufukiza chombo ni wa dakika chache tu, huo si tatizo lake kubwa. Tatizo ni chai ya alfajiri, anjera, wali wa jioni, vyote kwa kuni kwenye mafiga matatu, mara nyingine mdogo wake akiwa mgongoni. Alianza kusaidia jikoni akiwa na miaka saba au minane. Akifika ishirini ana zaidi ya miaka kumi ya moshi kifuani. Lakini ukimuuliza kama anavuta, atakucheka. Kwani yeye ni mvutaji?

Mweke hapo kwanza, tutamrudia.

Mei 2025 kule Geneva, mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ulipitisha azimio la kutaka nchi zishughulikie afya ya mapafu kwa jumla: TB, pumu, nimonia, saratani na ugonjwa sugu wa mapafu, badala ya kila ugonjwa kuwa na ofisi yake na bajeti yake. Habari hiyo ilipita kimyakimya. Ni kawaida, mapafu hayana mashabiki. Ila ukiangalia takwimu utashtuka. Ugonjwa sugu wa mapafu, ule wa njia za hewa kuziba polepole na vifuko vya hewa kubomoka, uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021 kwa hesabu ya WHO. Ni wa nne kwa kuua duniani. Na kati ya wanaokufa nao kabla ya kufika miaka 70, karibu asilimia 90 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani kwetu.

Najua unachowaza. Una miaka 22, unapanda ngazi za hosteli ukiongea na simu, hiyo stori ya kukohoa na kuhema ni ya babu. Hapo ndipo utafiti wa miaka ya karibuni unapokukatalia.

Zamani madaktari waliuona ugonjwa huu kama kitu cha uzeeni. Picha hiyo ilitoka London. Desemba 1952 jiji lile lilifunikwa na ukungu wa moshi wa makaa ya mawe kwa siku tano na maelfu wakafa, na katika miaka iliyofuata Waingereza walitafiti mapafu kuliko karibu mtu yeyote. Mwaka 1977 Charles Fletcher na Richard Peto walichapisha utafiti wa wanaume 792 waliofanya kazi magharibi mwa London, wenye umri wa miaka 30 hadi 59, waliofuatiliwa kwa miaka minane. Humo ulitoka mchoro maarufu ambao kila mwanafunzi wa udaktari ameuona: mapafu yako katika kilele chake ukiwa na miaka 25, halafu yanashuka taratibu. Mvutaji ambaye moshi unamdhuru anashuka mbio. Akiacha, mteremko unapungua.

Mchoro ule ni mzuri na umeokoa watu wengi. Ila una dhana moja ndani yake ambayo haikusemwa kwa sauti: kwamba sote tunaanza safari tukiwa na mapafu kamili.

Mwaka 2015 timu ya Peter Lange wa Denmark iliifungua dhana hiyo. Walichukua data za watu waliofuatiliwa kwa muda mrefu Copenhagen na Marekani, wakaangalia nani alipata ugonjwa baadaye na mapafu yake yalikuwaje kabla ya kufika miaka 40. Walichokuta ni kwamba karibu nusu ya wagonjwa hawakuanguka kutoka juu. Hawakuwahi kufika juu. Waliokuwa na mapafu dhaifu kabla ya miaka 40, asilimia 26 walipata ugonjwa baada ya takriban miaka 22. Waliokuwa na mapafu ya kawaida, ni asilimia 7 tu.

Ichukulie kama akiba ya Sacco. Wewe na mwenzako mnatoa kiasi kilekile kila mwezi. Lakini kama yeye alianza na laki moja na wewe ulianza na elfu sitini, si lazima uwe mfujaji ndiyo uishiwe kwanza. Mapafu yanaweka akiba tangu tumboni mpaka miaka ya ishirini na kidogo. Baada ya hapo ni kutoa tu, hakuna kuweka.

Na nini kinapunguza akiba? Uzito mdogo wa kuzaliwa, nimonia ya utotoni, lishe duni, moshi nyumbani, mama kuvuta sigara, TB. Soma orodha hiyo tena huku ukiwaza Wajir. Kuanzia mwisho wa 2020 kaskazini mwa Kenya ilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa, maziwa yakakauka, watoto wakakonda. Tulihesabu mizoga ya ng'ombe kwenye runinga. Watoto waliozaliwa miaka ile wataingia ujana wao karibu 2040, na kama mapafu yao yalikosa kitu wakati ule, hakuna mvua itakayokirudisha.

Shida ya pili ni kwamba mwanzo wa ugonjwa huu hauna kelele. Ndani ya mapafu, njia ya hewa hugawanyika kama matawi ya mgunga, mpaka vijia vyenye upana usiofika milimita mbili. Viko vingi mno, kwa hiyo hewa ikikosa njia huku inapita kule, na wewe husikii lolote. Wataalamu wanaliita eneo la kimya. Utafiti wa mwaka 2011, uliotumia picha zinazoonyesha vitu vidogo sana, ulionyesha kuwa vijia hivi husinyaa na kupotea kabla hata vifuko vya hewa havijaanza kubomoka. Ukija kusikia unahema kwa kupanda ngazi moja, vingi vimeshakwenda.

Ndiyo maana watafiti sasa wanataka kuukamata ugonjwa ukiwa bado mchanga. Na hapa ndipo nina ugomvi nao, wa heshima lakini ni ugomvi.

Ili usome kitu lazima kwanza uamue unamsoma nani. Mwaka 2018 kundi la wataalamu lilipendekeza maana ya "ugonjwa wa mapafu wa mapema" kwa ajili ya utafiti: mtu aliye chini ya miaka 50, ambaye amevuta angalau sawa na pakiti moja kwa siku kwa miaka 10, na mwenye dalili fulani kwenye vipimo au picha. Uingereza kuna mradi mkubwa unaowafuatilia vijana wa miaka 30 hadi 45 kwa kigezo hichohicho cha pakiti. Kwa Uingereza kina mantiki, manake katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 70 ya ugonjwa huu unatokana na tumbaku. Katika nchi kama zetu, WHO yenyewe inasema tumbaku inachangia asilimia 30 hadi 40 tu. Zilizobaki zimetoka wapi?

Mrudie sasa yule msichana wa Hadado. Anafika kwa mtafiti, anaulizwa: umevuta pakiti ngapi? Sifuri. Asante, unaweza kwenda. Miaka yake yote ya kuni haina safu kwenye fomu.

Usidhani nabuni tatizo. Nenda Masindi, magharibi mwa Uganda. Mwaka 2015 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa Frederik van Gemert na wenzake wa Uganda na Uholanzi. Walipima watu 588 wenye zaidi ya miaka 30, karibu wote wakitoka nyumba zinazopikia kuni. Waliopatikana na ugonjwa walikuwa 95, yaani asilimia 16.2, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Lakini takwimu iliyonifanya niweke kikombe chini ni hii: kati ya wanawake 50 waliopatikana nao, 20 walikuwa na umri wa miaka 30 hadi 39. Kati ya wanaume 45, ni 17. Hao si wazee. Hao ni rika la dada yako mkubwa. Na kama mtu anao tayari akiwa na miaka 33, basi mwanzo wake ulikuwa lini? Haiwezekani kuwa ulianza akiwa na miaka 32.

Tanzania nako, vijijini Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa 2018 ulipata asilimia 17.5 kwa watu wa miaka 35 na zaidi, karibu wote wakiishi na moshi wa kuni. Masindi na Kilimanjaro si Wajir, kuna unyevu, kuna migomba, nyumba zinajengwa tofauti. Lakini kuni ni kuni.

Kuna na suala la kipimo chenyewe. Spiromita ni mashine ndogo: unavuta pumzi mpaka mwisho, unapuliza kwa nguvu zako zote, inahesabu umetoa hewa kiasi gani katika sekunde ya kwanza na jumla yake ni ngapi. Ukitoa chini ya asilimia 70 ya hewa yako katika sekunde ile, hata baada ya kupewa dawa ya kupanua njia za hewa, daktari anasema zimeziba. Rahisi. Ila kujua kama mapafu yako ni madogo kuliko inavyopaswa, mashine lazima ikulinganishe na mtu wa umri, urefu na jinsia yako. Mtu gani? Vigezo vilivyochapishwa mwaka 2012 viliwagawa watu kwa rangi, na kundi la watu weusi lilitegemea data za Wamarekani weusi. Kundi hilo lilitarajiwa kuwa na mapafu madogo. Kwa hiyo mtu mweusi mwenye mapafu yaliyodumaa angeweza kuambiwa yuko sawa, kwa sababu matarajio yenyewe yalishushwa. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa mapafu cha Marekani kilishauri kutumia vigezo visivyobagua rangi. Ni hatua. Bado havijatokana na mapafu ya watoto wa Wajir.

Utauliza, basi sisi hapa mjini tunahusika vipi? Tunahusika sana. Kwanza, wengi wetu tumezaliwa penye koroboi na kuni, tumekuja mjini na mapafu yaleyale. Kuhamia ghorofa yenye gesi hakufuti miaka kumi ya kwanza. Pili, mji una moshi wake. Watafiti wa taasisi ya KEMRI na wa Liverpool walifanya utafiti unaoitwa Tupumue jijini Nairobi, wakipima watoto wa shule zaidi ya 2,000 kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru na jirani yake Buruburu. Mitaa miwili inayotazamana, hewa mbili. Huo ndio utafiti wa mwanzo wa ugonjwa ninaoutaka: pima mtoto kabla hajawa mgonjwa, andika anaishi wapi, anapumua nini. Tatu, tuseme ukweli, kuna shisha. Serikali iliipiga marufuku Desemba 2017 na wewe unajua ilikohamia. Kikao kimoja cha shisha kinaingiza moshi mwingi kuliko sigara moja, na yule msichana wa mafiga angalau hakuchagua.

Jibu ambalo ninalisikia kila mara ninapotaja utafiti wa miaka mingi kule kaskazini ni hili: wale ni wahamaji, hawafuatiliki. Leo wako Hadado, kesho wamefuata malisho. Utapimaje mtu mmoja kila mwaka kwa miaka kumi?

Jibu liko Wajir kwenyewe, na lina karibu miaka hamsini. Miaka ya sabini TB ilikuwa inamaliza wafugaji, na maafisa waliamini hivyohivyo, kwamba mhamaji hawezi kumaliza dawa. Mwanamke Mwitaliano aliyeitwa Annalena Tonelli, ambaye kwa masomo hata hakuwa daktari bali mwanasheria, alikuwa akiishi Wajir. Mwaka 1976 alipewa kuongoza mradi wa majaribio wa WHO. Hakuwalazimisha wagonjwa wakae wodini. Aliwaacha wajenge vibanda vyao wenyewe, karibu na kituo, waishi kama walivyozoea, wakinywa dawa mbele ya macho ya mhudumu kila siku mpaka miezi ya tiba iishe. Ng'ombe na ngamia waliendelea na safari na ndugu, mgonjwa akabaki mpaka apone. Ikaitwa manyatta ya TB. Watu walimaliza dawa. Mbinu ya kunywa dawa mbele ya mhudumu baadaye ikawa mkakati wa WHO dunia nzima katika miaka ya tisini.

Wajir Magharibi ndiko pia iliko Wagalla, na baada ya mauaji ya Februari 1984 Tonelli alisaidia majeruhi na kupaza sauti, kisha akalazimika kuondoka Kenya. Aliuawa kwa risasi Borama, Somaliland, Oktoba 2003. Namtaja kwa sababu hoja ya "hawafuatiliki" ilishavunjwa na watu wa Wajir wenyewe, waliojenga vile vibanda na kukaa. Na kuna uhusiano mwingine: TB iliyopona huacha makovu, na mapafu yenye makovu ni mlango mwingine wa ugonjwa sugu. Waliopona vijana wakati ule, leo ni wazee. Pumzi yao ingetufundisha mengi.

Upande wa sera, kuna kuyumba. Sensa ya 2019 ilionyesha asilimia 55.1 ya familia za Kenya hupikia kuni hasa. Julai 2021 serikali ikaweka VAT ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia, mwaka uliofuata ikashushwa hadi asilimia 8, Julai 2023 ikaondolewa. Sasa kuna mkakati wa kitaifa unaosema kila nyumba iwe na nishati safi ya kupikia kufikia 2028. Sawa. Lakini mtungi wa gesi ukifika Hadado umepanda lori, umekula vumbi la barabara, na kuni bado ziko pale nje bila bei. Kuziokota ni kazi ya msichana yuleyule, na kazi yake haihesabiwi kuwa gharama.

Wala usiamini sana kwamba jiko jipya litamaliza mambo. Malawi walijaribu. Utafiti uliochapishwa 2017, wenye watoto zaidi ya 10,000, uligawa majiko yanayopunguza moshi, na nimonia ya watoto haikupungua. Kuna takataka zinazochomwa, vumbi, tumbaku, kibatari, jirani. Hilo halimaanishi tuache majiko. Linamaanisha tunabahatisha, kwa sababu hatujui ni moshi upi, katika umri upi, unaokula akiba ya mapafu. Na hatutajua mpaka mtu apime watoto na vijana wa mahali kama Hadado mwaka baada ya mwaka, kwa fomu inayouliza kuhusu kuni kabla ya kuuliza kuhusu pakiti.

Kwa sasa, hili unaweza kulifanya wewe. Ukienda hospitali na kikohozi kisichoisha kwa wiki kadhaa, au unahema kuliko wenzako mkicheza mpira, usingoje uulizwe. Mwambie daktari mlikuwa mkipikia nini ulipokuwa mdogo, kama ulilazwa na nimonia, kama nyumbani kuna aliyeugua TB. Ikiwa TB haijachunguzwa, ichunguzwe kwanza. Uliza kama kuna spiromita. Vituo vingi vidogo hazina, hospitali kubwa za mjini ndiko utazipata. Ukipuliza, usikubali kuambiwa tu "uko sawa". Omba karatasi yenye nambari zako uende nayo nyumbani, uiweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Nambari moja peke yake haisemi mengi. Utakapopuliza tena baada ya miaka mitano, itakuwa na ya kulinganishwa nayo.